Cucu anarudi, lakini ni nani hasa anayerudi?

Kwenye kipindi cha wiki hii tuligusa habari ya kuzaliwa upya, muda ukatuishia. Basi niendelee hapa.

Mwezi ujao, hapa Columbia Heights, mimi na mume wangu tunatarajia binti, mtoto wetu wa kwanza. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba yake. Mama mkwe alishafariki. Sasa baba mkwe akipiga simu kutoka Nyeri anasema, "Mama yenu yuko njiani," na hatanii.

Mimi hufanya yoga, na si mazoezi ya viungo tu; nasoma falsafa yake pia. Kwa Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, moja ya vyanzo vitano vya mateso yetu ni asmita, yaani umimi: kumchanganya anayeona na chombo anachoonea. Jina, kabila, kazi, hata mawazo, vyote ni chombo. Kinachovuka kutoka maisha haya hadi mengine ni alama za matendo yetu, si huyu "mimi" mwenye jina. Na lengo si kurudi. Lengo ni kufunguliwa, usirudi tena.

Kwetu ni karibu kinyume. John Mbiti, msomi wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 alitumia maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akiondoka, naye huzama katika Zamani. Mbiti anaongeza kwamba sifa za marehemu zikionekana kwa mtoto, ni sehemu tu iliyorudi. Marehemu mwenyewe anabaki kuwa yeye.

Yaani mmoja anataka jina liachiwe, mwingine lishikwe. Lakini hakuna kati yao anayesema mtoto ni yule yule aliyeondoka. Hapo ndipo nilipopata la kumwambia mume wangu, ambaye bado hajamlilia mama yake vizuri: tumpe mtoto jina, tusimpe kazi ya kuwa mtu mwingine.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Lakini naweza kumwita mama, ama?"

Nikamwambia, unaweza.