UNGUJA HADI SINGIDA: MAILI NGAPI, NA SIKU NGAPI?



Tuseme mmoja wetu ana mtoto aliyeajiriwa Singida, naye ameitwa harusini huko katikati ya mavuno. Anatazama ramani, anapima kwa rula, anasema: "Mbona karibu? Nitakwenda na kurudi karafuu zikingali jamvini." Kabla hajafunga mzigo, na apige hesabu vizuri.

Kwa mstari ulionyooka, kama arukavyo ndege, kutoka mji wa Unguja hadi mji wa Singida ni yapata maili 320, yaani kilomita 515. Eropleni kubwa ingezimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Lakini msafiri hapiti juu ya rula. Kwanza kuna bahari, maili 45 hadi Dar es Salaam: boti ya kasi huchukua kiasi cha saa mbili, eropleni dakika 20. Kisha kuna barabara ya Morogoro na Dodoma, yapata maili 430.

Wazee wetu waliijua njia hii kwa miguu. Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwisho wa Juni 1857, wakafika Kaze, ilipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Walivuka Mgunda Mkali, pori lenye kiu baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambalo sehemu yake sasa imo wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Baadaye Wanyamwezi wengi walishuka hadi pwani, wakavuka bahari kuja kupalilia mashamba yetu ya mikarafuu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ikageuka siku.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi. Tangu Julai 2024 gari la moshi la umeme hubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na safari haifiki saa nne kwa gari la haraka. Eropleni huenda huko kwa saa moja na dakika chache. Lakini ukishuka Dodoma, kwa reli au kwa eropleni, zimebaki maili 150 za basi: saa nne au tano, kupitia Manyoni, mpaka uyaone majabali ya Singida na ziwa Singidani.

Basi hesabu ya kweli ndiyo hii. Mtu wa Unguja anayesafiri kwa boti, gari la moshi na basi ahesabu siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, maana boti na gari la moshi hazingojani. Wa Pemba aongeze siku moja kila upande. Weka na siku mbili za harusi: Unguja siku sita, Pemba nane.

Na karafuu haingoji. Kikonyo kilichoanza kuwa chekundu leo kitafunguka ua kabla hujarudi, na thamani yake itapotea. Zile za jamvini nazo zataka mtu wa kuzianua mvua inapotanda.

Harusi ya mtoto haikosekani, na hatusemi mtu asiende. Tunasema: mwachie shamba mtu unayemwamini, mwonyeshe mti upi uchumwe kwanza, ndipo ukakate tikiti. Safari haipimwi kwa rula. Hupimwa kwa siku ambazo shamba litakuwa bila mwenyewe.