Kamera Isiyosahau Njia: Bendi Iliyotawanyika Yaweza Kukutana Ifo

Msomaji, huenda umewahi kuketi mbele ya runinga pamoja na wanao, ukaona mwanamuziki mmoja akiwa watu wanne kwa wakati mmoja, wakipishana barabarani bila kugongana. Mwaka 2002 mwanamuziki Kylie Minogue wa Australia aliimba hivyo katika filamu ya wimbo wake "Come Into My World", iliyoongozwa na Mfaransa Michel Gondry. Dada huyo anazunguka njia panda ya mtaa mmoja karibu na Paris. Kila akimaliza mzunguko, Kylie mwingine anatokea, na hata wapita njia wanaongezeka. La kushangaza zaidi ni kwamba kamera yenyewe haikusimama. Inageuka kumfuata hatua kwa hatua.

Hapana uchawi hapo, wala pacha. Kamera ya namna hiyo haishikwi na mkono wa mtu. Imefungwa juu ya mtambo wenye mota kadhaa: moja huusukuma mtambo juu ya reli, nyingine huinua mkono wake, nyingine huigeuza kamera kushoto na kulia, nyingine huiinamisha, na nyingine hurekebisha lenzi. Mota zote zinatii tarakilishi. Runinga zetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde, basi wimbo wa dakika nne una picha 6,000, na kwa kila moja ya hizo tarakilishi imeandika kamera ilikuwa wapi na ilitazama upande gani. Ukiiambia irudie, inarudia njia ileile hata mara kumi. Mwimbaji anapita mara ya kwanza hapa, mara ya pili pale, kisha picha zinaunganishwa. Kwa kuwa ukuta na mti havikuhama hata kidogo ndani ya picha, jicho lako halioni kiungo.

Mtambo wa aina hii ulipata sifa kubwa mwaka 1977, pale John Dykstra na wenzake walipoutumia kupiga picha za vyombo vya angani katika filamu ya Star Wars. Lakini wazo la kumzidisha mwanamuziki ni kongwe kuliko tarakilishi. Mwaka 1921 mchekeshaji Buster Keaton alitengeneza sinema ya "The Playhouse", ambamo yeye peke yake ni bendi nzima, na katika onyesho moja wanaonekana akina Keaton tisa kwa mstari. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, aliziba sehemu ya lenzi, akazungusha kamera kwa mkono, akairudisha filamu nyuma, akaziba sehemu nyingine, akaanza upya. Kamera haikusogea. Na ili Keaton wa kwanza na wa tisa wacheze kwa pamoja, palikuwa na mpiga banjo aliyefuata chombo cha kugonga mapigo. Yaani kazi yote ilitegemea mambo mawili: kamera inayorudi palepale, na mapigo yasiyobadilika.

Sasa twende Ifo, msomaji, maana huko ndiko jambo hili linakoacha kuwa mchezo.

Kambi ya Ifo, katika eneo la Dadaab, kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Watu hawakufika na mabegi tu. Walifika na nyimbo, na mirindimo ya dhaanto ya makofi na miguu, na kumbukumbu ya udi, ala ile ya nyuzi ambayo jamaa zetu wa taarab wanaijua vyema. Wako pia waliokuja baadaye kutoka mahali ambako muziki ulikuwa umepigwa marufuku: Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, na nyingi zikatii. Dadaab, kwa upande wake, ilionja sinema. Shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku kwa turubai kubwa, likawafunza vijana kushika kamera, na katika mradi wake wa Dadaab Stories wakaonekana wanamuziki wa Dadaab All Stars.

Taabu ya bendi ya kambini ni kuivusha miaka mitano ikiwa nzima. Mpiga udi anapata makao Minneapolis. Mpiga ngoma anahamia Eastleigh. Mwimbaji anabaki Ifo, na kwa miaka mingi mkimbizi hakuweza kutoka kambini bila kibali cha safari. Aliyekuwa akingoja kuwafuata wenzake Marekani aliona mlango ukifungwa Januari 2025, serikali ya huko iliposimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Kupiga muziki pamoja kwa simu nako hakufai, kwa kuwa sauti huchelewa njiani na mapigo yanavurugika.

Hapo ndipo kamera isiyosahau njia inapokuwa na maana. Mwendo wake ni namba tu, na namba zinasafiri bila kibali. Siku hizi zipo reli fupi zenye mota ndogo, ambazo mtu mmoja hubeba begani na ambazo zinaweza kurudia mwendo. Reli mbili za aina moja, moja Ifo na nyingine Minneapolis, zaweza kuenda sawasawa: hapa inapita mbele ya mwimbaji, kule mbele ya mpiga udi aliyesimama penye kitambaa cha kijani, kisha wote wawili wanawekwa chini ya mti mmoja wa Ifo. Na kama hakuna fedha ya reli, fanya kama Lessley: simu ya mkononi juu ya miguu mitatu, isiguswe. Pimeni kimo cha lenzi na umbali wake hadi kwa mchezaji kwa kamba, mwandikiane. Wote wavae vipokea sauti vya masikioni na kusikiliza mapigo yaleyale.

Adui mkubwa ni jua. Ifo iko karibu kabisa na ikweta, na baada ya saa tatu asubuhi kivuli cha nguzo ya mita mbili hupungua kwa karibu sentimita 30 ndani ya dakika 20. Ukirudia wimbo mara nne, mwimbaji wa nne ana kivuli kisichopatana na cha wa kwanza. Afadhali kazi ifanyike ndani, kwa taa moja, na upande wa taa uandikwe pia. Upepo nao ukitikisa turubai nyuma yako, kiungo kitaonekana.

Liko jambo ambalo mota haziwezi, nami naona lisifichwe. Katika dhaanto mmoja hutoa wito na wengine hujibu, na anayejibu humtazama usoni anayeita. Mpiga udi wa Minneapolis atakuwa akitazama ukuta. Basi mwimbaji wa Ifo na arekodiwe kwanza, na picha yake iwekwe kule mahali atakaposimama, kwa kimo chake, ili mwenzake ajue pa kuelekeza macho.