Kosa ni la mtu, si la kabila: njia ya mashitaka ya jinai



Katika mazungumzo yetu na watu waliohama kutoka Masisi na Walikale, swali moja hurudi: "Wamemfunga mama kwa sababu kijana wake amekimbia. Je, ni sheria?" Hapana. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la yule aliyelitenda. Mzazi hafungwi kwa ajili ya mtoto, wala kijiji kwa ajili ya kijana mmoja aliyeingia msituni.

Mashitaka yana ngazi tatu.

Kwanza ni OPJ, yaani afisa anayechunguza makosa. Anasikiliza, anaandika, na anaweza kumkamata mshukiwa. Lakini kifungu cha 18 kinamkataza kumweka kasho zaidi ya saa 48. Baada ya hapo amwachilie au ampeleke parke.

Pili ni parke. Hapo kesi inachunguzwa, haihukumiwi. Parke ikitaka mshukiwa abaki gerezani, lazima imfikishe mbele ya hakimu ndani ya siku 5, pamoja na muda wa safari kama hakimu yuko mbali. Hakimu anaweza kuruhusu siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja.

Tatu ni tribinali. Hakimu anasikiliza pande zote mbili. Mshitakiwa ana haki ya kuwa na avoka, na huhesabiwa hana kosa mpaka hukumu itoke. Aliyetendewa ubaya anaweza kuomba fidia, na upande usioridhika unaweza kukata rufaa.

Enyi wazee na machifu, ugomvi wa mpaka wa shamba au ng'ombe aliyekula mazao mnaweza kuusuluhisha barazani, na mnatusaidia sana. Kuua na kubaka si mambo ya kumalizwa kwa mbuzi. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinakataza kosa la ubakaji limalizwe kwa kulipa faini, na zinataka hukumu itolewe ndani ya miezi 3.

Twajua kwamba mara nyingi haki hukawia. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13 vya Walikale. Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi la NDC, alijisalimisha mwaka 2017. Tarehe 23 Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Ilipita miaka 10. Lakini waliotendewa ubaya walisema yaliyowapata mbele ya mahakimu, na aliyehukumiwa alikuwa mtu mwenye jina lake, si kabila lake.

Tangu M23 ilipoiteka Goma mwezi Januari 2025, njia hii imekatika mahali pengi. Hata hivyo jinai za kivita hazifutwi na miaka. Kwa hiyo aliyebakwa awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, na cheti cha daktari kitunzwe. Tarehe, mahali na majina ya mashahidi yakumbukwe. Kama karatasi inaweza kuwaletea hatari, mpeni mtu wa kuaminika aitunze.

Na tusilipize kisasi kwa jirani asiye na kosa. Akiguswa huyo, vita vinaanza upya, na mwenye kosa anajificha nyuma yake.