Kinachoamua Ukubwa wa Punje ya Mpunga

Chukua punje ya mpunga ambayo haijakobolewa, uitazame kwa karibu. Ganda lake ni vipande viwili vilivyoshikana ukingo kwa ukingo. Ganda hilo hukua kabla mpunga haujachanua. Wanga huja kujaza ndani baadaye. Mchele basi hauwezi kuzidi nafasi iliyokwisha kuandaliwa, na anayeuliza kuhusu ukubwa wa punje kwa kiasi kikubwa anauliza kuhusu ukubwa wa ganda.

Ganda hutegemea idadi ya seli zake na ukubwa wa kila seli. Hayo husimamiwa na jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni moja ikipatikana kwa namna tofauti katika mimea tofauti, kila namna huitwa aleli.

Mwaka 2006 watafiti wa Wuhan, China, walieleza jeni ya GS3 iliyo kwenye kromosomu ya 3 kati ya 12 za mpunga. Protini yake hufanya kazi kama breki: huzuia punje isirefuke. Katika aina nyingi za punje ndefu, Basmati ikiwamo, herufi moja tu ya DNA imebadilika, TGC ikawa TGA. TGC huagiza kiungo kiitwacho sisteini kiongezwe kwenye protini. TGA huagiza kazi ikome. Protini hukatika kabla ya kukamilika, breki ikalegea, punje ikarefuka. GW2, iliyoelezwa mwaka 2007, huzuia upana kwa mtindo huohuo. Zipo jeni zinazochochea ukuaji, kama GS2, lakini inashangaza kuona ni mara ngapi wakulima wa kale, bila kujua, walichagua jeni iliyoharibika.

Je, punje kubwa ni mavuno makubwa? Mavuno ni idadi ya masuke, mara punje za kila suke, mara uzito wa punje, ambao kwa kawaida hupimwa kwa punje 1,000. Punje zikinenepa, mara nyingi idadi yake hupungua. Tena punje pana huelekea kuwa na doa jeupe la chaki katikati, na ndefu nyembamba huvunjika kwa urahisi mashineni zikawa chenga, nazo bei yake ni ya chini.

Ndiyo maana naona si sahihi kuisifu mbegu kwa ukubwa wa punje peke yake. Ipimwe kwa kilo za mchele mzima zinazotoka katika kila ekari.