Figo Jipya, Mifupa Ileile

Mgonjwa wa figo wa Isingiro, wilayani Kyerwa, halazimiki tena kwenda India kupandikizwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Akirudi nyumbani na figo linalofanya kazi, ndugu humshukuru Mungu na kuona ugonjwa umekwisha. Lakini mifupa yake bado inahitaji ulinzi, na sababu moja ni dawa anazotumia.

Mwaka 1954, mgonjwa wa kwanza kufanikiwa kupandikizwa figo, huko Boston, Marekani, hakuhitaji dawa za kutuliza kinga, kwa sababu alipewa na pacha wake wa kufanana. Wengine karibu wote huzihitaji maisha yao yote, vinginevyo mwili hulishambulia figo geni. Miongoni mwa dawa hizo mara nyingi imo predinisoloni, ya jamii ya steroidi.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Steroidi hudhoofisha seli zinazojenga na kuzirefushia maisha zinazobomoa. Pia hupunguza kalsiamu inayofyonzwa utumboni na kuongeza inayopotea kwenye mkojo. Hasara huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, dozi zikiwa juu. Tena mifupa hiyo huwa imeshadhoofika kabla ya upasuaji, maana figo bovu hushindwa kuifanya vitamini D itumike mwilini.

Uti wa mgongo na nyonga ndivyo vilivyo hatarini zaidi. Maumivu ya ghafla ya mgongo, au ya kinena wakati wa kutembea, yasidhaniwe kuwa uchovu wa shamba.

Hata hivyo, usiache predinisoloni kwa uamuzi wako. Figo linaweza kukataliwa, na tezi zilizozoea kusaidiwa na dawa zinaweza kushindwa ghafla kuuhudumia mwili. Ni daktari anayepunguza dozi, hatua kwa hatua.

Chakula nacho kina nafasi yake. Ndizi, chakula kikuu cha Karagwe na Kyerwa, ina kalsiamu kidogo. Iongezewe dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na maziwa yaliyochemshwa vizuri, kwani kinga iliyotulizwa haihimili vijidudu. Tembea kila siku. Epuka sigara na pombe.

Ukienda kliniki, usiulize habari za figo peke yake. Mwombe daktari akupime vitamini D na uimara wa mifupa, akueleze kama unahitaji dawa ya kuilinda. Swali hilo liulizwe mapema, kabla mfupa haujavunjika.