Gitaa la besi: faida hupotelea kwenye shingo na kwenye boksi

Biashara ya vyombo vya muziki hufuata njia zile zile za nguo na vipuri: Guangzhou au Dubai, kisha Mombasa au Dar es Salaam, halafu Namanga, Malaba, Mutukula, Rusumo au Tunduma. Katika mzigo huo gitaa la besi lina wateja wa uhakika. Kwaya zenye vyombo vya umeme zinalihitaji, bendi za dansi haziendi bila hilo, na taarab ya kisasa nayo imelipokea. Hata hivyo, ni bidhaa inayowatia hasara wale wanaoinunua kama wanavyonunua redio, yaani kwa kuangalia rangi, jina na bei.

Gitaa la besi la umeme lilipata umaarufu kuanzia mwaka 1951, pale Leo Fender wa Fullerton, California, nchini Marekani, alipotoa chombo alichokiita Precision Bass. Kilikuwa na nyuzi nne, na urefu wa uzi unaopigwa ulikuwa inchi 34, sawa na sentimita 86 na kitu. Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Magitaa mengi ya besi yanayotengenezwa leo China, Indonesia na kwingineko bado yanafuata vipimo hivyo. Kwa mfanyabiashara hii ni habari njema, kwani nyuzi na mikoba inayofaa gitaa moja hufaa mengi.

Shingo kwanza

Nyuzi nne za besi zikikazwa kwa sauti yake huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Uzi wa tano huongeza karibu kilo 15 nyingine. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto huo, na hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Fimbo ikiwa imekwama, au kichwa chake kimeliwa na ufunguo usiofaa, gitaa hilo ni kuni zilizopakwa rangi. Fundi anaweza kulitengeneza, lakini gharama yake mara nyingi huzidi bei ya gitaa la kawaida.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji utaalamu mkubwa. Uzi mnene ubonyezwe kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Kisha litazamwe pengo lililopo katikati, karibu na freti ya saba. Likipita karatasi ngumu ya kadi ya biashara kwa kujisugua kidogo, shingo iko sawa. Likipita kidole, shingo imejikunja. Uzi ukilala juu ya freti bila nafasi yoyote, shingo imepinda kwa nyuma na nyuzi zitakwaruza. Upindaji mdogo hurekebishwa kwa fimbo. Shingo iliyojisokota kama kamba haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa.

Baada ya hapo kila freti ipigwe kwa kila uzi, polepole, moja baada ya nyingine. Wauzaji hawapendi jambo hili kwa sababu linachukua muda, lakini ndipo freti iliyoinuka hujulikana. Umeme ukikatika dukani si sababu ya kuahirisha: kichwa cha gitaa kikigusishwa kwenye meza au kabati la mbao, mbao hiyo itakuza sauti kiasi cha kutosha kusikia uzi unaokwaruza. Umeme ukirudi, gitaa lichomekwe na vifundo vyote vizungushwe. Mkwaruzo mdogo kwenye kifundo ni vumbi. Sauti inayokatika waya ukitikiswa ni tundu bovu, na hilo hutengenezwa kwa bei ndogo.

Vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi huitwa pikapu, jina ambalo wasafirishaji wamelizoea kwa maana nyingine kabisa. Kuna magitaa ambayo pikapu zake hufanya kazi zenyewe, na mengine yana saketi inayotumia betri ya volti 9. Aina hii ya pili hulalamikiwa sana na wateja wapya, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu betri huendelea kuliwa muda wote waya unapokuwa umechomekwa. Kwaya huacha waya ndani ya gitaa kuanzia Jumapili hadi Jumapili, kisha hurudi dukani kusema gitaa limekufa. Muuzaji anayemweleza mteja jambo hilo siku ya mauzo hujiokolea safari nyingi.

Nyuzi nne au tano?

Hapa maoni hutofautiana. Wapiga besi wa injili na wa muziki wa Kikongo hupenda nyuzi tano, kwa sababu uzi wa tano huteremka hadi sauti ya B ya chini, takribani mitetemo 31 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne huishia kwenye E, takribani mitetemo 41. Ni sauti inayotingisha sakafu, na anayeitaka hatakubali vingine.

Tatizo ni kwamba gitaa la bei nafuu la nyuzi tano mara nyingi lina uzi wa tano unaolegea na kutoa mlio mzito usio na noti. Shingo nene na kazi makini ndizo zinazoufanya uzi huo usikike vizuri, na vitu hivyo ndivyo kiwanda cha bei ya chini hupunguza kwanza. Aidha, amplifaya ndogo yenye spika ya inchi 8 haiwezi kutoa sauti hiyo hata gitaa likiwa zuri. Kwa hiyo mfanyabiashara anayejaza mzigo wake magitaa ya nyuzi tano ya bei ya chini anabeba bidhaa ambayo mpiga besi mzoefu ataikataa na mwanafunzi ataishindwa. Mzigo wa busara ni wa nyuzi nne kwa sehemu kubwa, na machache ya nyuzi tano ya daraja la kati, kwa wateja wanaojulikana.

Yapo pia magitaa mafupi ya inchi 30. Yanawafaa watoto wa shule na watu wenye mikono midogo, lakini nyuzi zake ni za urefu wake, kwa hiyo anayeyaleta alete na nyuzi zake.

Jina lina thamani, na jina hilo hilo lina hatari. Yamaha, Ibanez, Cort na Squier ni majina ambayo mteja akiyanunua leo anaweza kuyauza tena kesho, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kuyalipia zaidi. Squier ni chapa ya kampuni ya Fender yenyewe kwa magitaa ya bei nafuu, si bandia kama wengine wanavyodhani. Bandia ni lile gitaa lisilo na asili lililobandikwa jina la Fender na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko Squier. Namba ya usajili husaidia: kwa magitaa ya miaka ya karibuni ya kampuni hiyo, yale ya Mexico huanza na MX na ya Marekani huanza na US, wakati Squier nyingi za Indonesia huanza na ICS. Gitaa linalodai ni la Marekani huku namba yake ikisema vingine halihitaji mjadala. Namba nayo inaweza kughushiwa, ndiyo maana bei ibaki kuwa shahidi wa kwanza.

Jambo hili si la heshima tu. Nchini Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani. Mzigo wenye chapa ya kughushi unaweza kukamatwa na kuteketezwa, na mtaji wote ukaenda na moshi. Gitaa lisilo na jina kubwa, lililotengenezwa vizuri na kuuzwa kwa jina lake, ni salama zaidi. China ina viwanda vingi vya namna hiyo, hasa katika wilaya ya Zheng'an, jimbo la Guizhou, na katika mji wa Huizhou, jimbo la Guangdong. Zheng'an iko mbali na bahari, kwa hiyo bei ya kiwandani isilinganishwe na bei ya Guangzhou kabla ya kuongeza usafiri hadi bandarini.

Boksi linalipiwa kuliko gitaa

Gitaa la besi lina uzito wa kilo 4 hivi. Wengi hupiga hesabu ya nauli ya ndege kwa kilo hizo, kisha hushtuka wakati wa kulipa. Mizigo ya ndege hupimwa kwa uzito au kwa ujazo, na kinachozidi ndicho kinacholipiwa. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5000.

Boksi la gitaa lenye mkoba laini huwa na sentimita kama 125 kwa 40 kwa 15. Hesabu inatoa kilo 12.5 kwa ndege ya mizigo na kilo 15 kwa vifurushi vya haraka. Likiwa ndani ya sanduku gumu, boksi linaweza kufika 130 kwa 45 kwa 20, yaani kilo 19.5 au zaidi ya 23. Kwa meli, mita moja ya ujazo, ile ambayo mawakala huiita CBM, hubeba maboksi 13 ya kwanza lakini 8 tu ya pili. Sanduku gumu ni zuri kwa mwanamuziki anayesafiri, lakini kwa mzigo wa duka linakula faida. Mkoba wenye sponji nene, na makaratasi yaliyojazwa chini ya kichwa cha gitaa ili kisiguse ukuta wa boksi, vinatosha. Kichwa ndicho huvunjika boksi likianguka chali.

Kwa upande wa madereva, gitaa lisafirishwe likiwa limelazwa kwa ubavu au limesimama, kamwe lisiwekwe chini ya magunia. Nyuzi zilegezwe kidogo bila kuachiwa kabisa. Joto la kontena lililosimama juani siku kadhaa mpakani hulainisha gundi, na mbao iliyozoea unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam hubadilika ikifika Nairobi au Arusha ambako hewa ni kavu. Magitaa yakifika yaachwe ndani ya boksi siku moja au mbili kabla ya kukazwa. Shingo nyingi zinazolaumiwa kiwandani ziliharibiwa njiani.

Forodhani, ankara itenganishe bidhaa. Gitaa la besi la umeme liko kwenye kifungu cha 92.07, nyuzi ziko 92.09, na amplifaya iko 85.18. Mkoba unaokuja na gitaa lake huhesabiwa pamoja na gitaa, lakini mikoba inayoletwa peke yake iko 42.02. Ankara iliyoandikwa "vyombo vya muziki" pekee humpa ofisa nafasi ya kukadiria mwenyewe, na makadirio hayo aghalabu hayampendezi mwenye mzigo. Kwa mzigo wa meli, ushuru hupigwa kwenye bei pamoja na nauli na bima.

Wafanyabiashara wadogo wanaovuka mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki wakumbuke kwamba cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Gitaa la China haligeuki kuwa la Kenya kwa sababu limenunuliwa Nairobi. Anayevuka nalo Namanga ashike nyaraka za ushuru uliolipwa na amuulize wakala wake kabla ya kupakia, si baada ya kusimamishwa.

Suala la mbao nalo huulizwa sana. Kuanzia Januari 2, 2017 mkataba wa CITES uliweka chini ya vibali miti yote ya jamii ya Dalbergia, ambamo kuna rozwudi inayotumika kwenye shingo za magitaa na pia mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Wauzaji wa magitaa walihangaika karibu miaka mitatu. Tangu Novemba 26, 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika pamoja na sehemu zake zilizokamilika havihitaji tena kibali hicho. Rozwudi ya Brazil ndiyo isiyoguswa na msamaha huo, kwani imekuwa kwenye orodha ya ulinzi mkali tangu 1992. Dereva anayebeba mbao ghafi za mpingo kwa ajili ya fundi wa vyombo naye hana msamaha: mbao si gitaa, na kibali kinatakiwa.

Amplifaya zilizotumika kutoka Japani huwa za volti 100, na za Marekani volti 120, wakati umeme wa ukanda huu ni kati ya 220 na 240. Kuzichomeka bila transfoma ni kuziunguza papo hapo. Mteja aelezwe pia asiunganishe besi na sabufa ya nyumbani wala amplifaya ya gitaa la solo kwa sauti ya juu, maana spika hupasuka. Kanisa lenye mikisa nzuri linaweza kuchomeka besi humo kupitia kisanduku cha DI, na likaokoa fedha za amplifaya.

Nyuzi ndizo bidhaa inayosahaulika. Seti moja haina uzito wa kutajwa, huingia katika nafasi yoyote iliyobaki ndani ya boksi, na kila gitaa lililouzwa litaihitaji tena. Wapiga besi wengi huchemsha nyuzi kuukuu ili zirudishe mlio, na mlio hurudi kwa siku chache tu. Kwa maboksi 13 ya magitaa, seti 40 za nyuzi nne na 10 za nyuzi tano si nyingi. Huisha kabla ya magitaa.