Gharama za Kuvuka Mpaka: Uvamizi wa Kagera, 1978

Wanazuoni wa mahusiano ya kimataifa hutenganisha sababu anayoitangaza mvamizi na msukumo unaomtoa kwake, kwa kuwa viwili hivyo ni nadra kulingana, na katika Afrika Mashariki tofauti hiyo haionekani wazi popote kuliko katika uvamizi ambao jeshi la Uganda liliufanya mwishoni mwa Oktoba 1978 katika Mkoa wa Ziwa Magharibi wa Tanzania, ambao leo unaitwa Kagera.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa ardhi. Tarehe 1 Novemba serikali ya rais wa Uganda, Idi Amin, ilidai kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Dai hilo halikukosa chembe ya mantiki, kwani mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 ulipitisha mpaka kwenye latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta, yaani mstari mnyoofu uliopigwa juu ya ramani bila kujali mto wala watu, na kipande cha nchi kilichopo kati ya mstari na mto kikaangukia upande wa Tanganyika. Hata hivyo, wakuu wa nchi za Afrika walikwisha kuafikiana mjini Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni isiguswe. Na Amin, ambaye mapema mwaka 1976 alidai pia sehemu za Kenya na Sudan, alinywea mara Kenya ilipomkazia, jambo linaloonyesha kwamba ramani kwake ilikuwa kisingizio cha kuchukuliwa na kuachwa kulingana na hali.

Msukumo wa kweli ulikuwa ndani ya kambi zake mwenyewe. Baada ya kuwafukuza Waasia mwaka 1972, uchumi wa Uganda uliegemea karibu wote kwenye kahawa, ambayo bei yake ilipanda sana baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na kisha ikaporomoka. Na Oktoba 1978 Marekani, mnunuzi wake mkubwa, ikapiga marufuku biashara na Uganda. Utawala unaonunua utiifu wa askari kwa fedha na bidhaa za anasa hauwezi kustahimili ukame wa namna hiyo. Aprili 1978 makamu wa rais, Mustafa Adrisi, alijeruhiwa katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake jeshini waliitilia shaka, na kabla ya mwaka kwisha vikosi kadhaa viliasi. Wanahistoria hawajaafikiana kama Amin aliamuru uvamizi au alikokotwa na maofisa wake waliokuwa mpakani, lakini kwa vyovyote tukio hili linafanana na kile kinachoitwa vita vya kugeuza macho, yaani vita vinavyoanzishwa ili jeshi na raia wamtazame adui wa nje wakati nyumba inaungua. Inapasa kuongeza kwamba hofu ya Amin haikuwa ya kubuni tupu: Milton Obote, rais aliyempindua, alikuwa amehifadhiwa Tanzania, na wafuasi wake walijaribu kuivamia Uganda kutokea huko mwaka 1972.

Kosa la hesabu lilikuwa kupima gharama ya kuingia na kusahau gharama ya jibu. Kuingia kulikuwa rahisi: vijiji viliporwa, raia waliuawa kwa mamia, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu na daraja la Kyaka likavunjwa. Jibu la Tanzania halikuishia mtoni. Masaka na Mbarara zilitwaliwa Februari 1979, na askari wa Libya waliokuja kumwokoa Amin walishindwa Lukaya mwezi Machi, kisha Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa huiruhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda, ila kama ruhusa hiyo inafika hadi kuung'oa utawala wa mshambuliaji ni suala lililozusha lawama za Sudan na Nigeria katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979.

Mshindi naye alilipa, na pengine ndiye aliyelipa kwa muda mrefu zaidi. Gharama za Tanzania hukadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani, lakini kiasi hicho hakionyeshi kile ambacho wachumi hukiita gharama ya fursa, yaani thamani ya kile kilichoachwa ili kingine kifanyike: malori yaliyobeba askari hayakubeba pamba wala korosho. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Uhaba wa sukari, sabuni na nguo ukadumu miaka mingi. Si haki kuitwisha vita lawama yote, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei mwaka 1979, na sera za ndani zilikuwa na kasoro zake. Ila vita viliondoa akiba ambayo ingepunguza makali hayo, na mwaka huohuo wa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu kutokana na mvutano juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Uganda yenyewe ilipitia serikali tatu kabla ya uchaguzi wa Desemba 1980, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Upande wa kaskazini mashariki, askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, Wakaramojong waliingia kwenye ghala na kujitwalia bunduki, na wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa zaidi kwa mikuki ukawa mapigano ya risasi yaliyovuka hadi kwa Wapokoti na Waturkana wa Kenya. Kampeni za serikali ya Uganda za kuzikusanya silaha hizo zilifanywa mwaka 2001 na kurudiwa mwaka 2006.